Mdomo Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Rissne, Stockholm
Jumamosi asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Nianze na magoti yako: yanakubeba mpaka kanisani au bado unasali nyumbani? Na dawa ya presha, unameza kila asubuhi au unameza siku unayoikumbuka? Usinijibu, jibu nalijua. Sisi huku tu wazima wa mwili, wote wawili. Nimeandika wawili, Mama, na sikukosea. Tulia, utafika.

Barua hii nimempa dada mmoja wa kanisani anayekuja Voi kwenye harusi ya mdogo wake, na nimemwapisha asiitie mkononi mwa mtu mwingine ila wewe. Usimpe Mkawasi akusomee. Ni mke wa kaka yangu na nampenda, lakini hii isome mwenyewe. Vaa miwani, kaa pale barazani, hata kama itakuchukua siku nzima. Nimeandika herufi kubwa makusudi.

Najua umejiuliza mbona Jumapili tatu simu kimya. Si bando, wala si mtandao. Nilikaribia kunyang'anywa mtoto, Mama. Wajina wako, Mghoi, alibaki kidogo tu achukuliwe na serikali akalelewe na watu wengine. Kwa hiyo nivumilie, nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu ukisikia nusu utaelewa vibaya.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye vitabu vya katuni. Wewe umeviona. Siku ile ya simu ya video uliniuliza mbona nyuma ya mtoto kuna mashetani yenye macho makubwa, nami nikacheka nikakuambia ni mapambo. Ni vitabu vya Kijapani, wanaviita manga, na hivyo vya Mghoi ni hadithi moja tu ya msichana anayeitwa Chiyora. Hadithi moja, Mama, vitabu zaidi ya themanini. Ilianza kuchorwa kabla Mghoi hajazaliwa, na mchoraji amezeeka nayo bila kuimaliza. Halafu wakaitengenezea filamu ya televisheni, anime, vipindi mamia. Filamu ilikwenda mbio mpaka ikakikanyaga kitabu kisigino, basi ikabidi waijaze visa vya kubuni ili mzee wa watu apate kupumua. Mghoi anawadharau sana wanaotazama filamu tu. Anasema hiyo ni chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.

Alianza kuvikusanya akiwa na miaka minane. Sasa ana kumi na tatu. Rafu ilijaa ukuta mzima, vimepangwa kwa namba, na ole wako ukitoa kimoja ukakirudisha pasipo pake.

Siku moja ya Jumatano niko kazini, hospitali ya Flemingsberg, namlisha bibi mmoja uji, simu ikalia. Mwalimu mkuu. Akaniambia kwa sauti ya upole, ile sauti ya huku ambayo ukiisikia ujue umekwisha, kwamba Mghoi amechora picha darasani iliyowatia wasiwasi, na kwamba shule imeshapeleka taarifa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Imeshapeleka, Mama. Sheria yao inamlazimu mwalimu akishuku jambo aripoti, mzazi haulizwi kwanza. Nikamuuliza picha ya nini. Akasema nitaonyeshwa nikiitwa. Yule bibi alimaliza uji wake mwenyewe siku hiyo.

Huku kila Mwafrika ana hadithi ya mtoto aliyechukuliwa. Nusu yake ni uongo, lakini hujui ni nusu ipi. Mimi nilikimbilia kwa Mama Kevo, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mtu wa Kiambu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama Wakenya. Amekaa nchi hii miaka kumi na tisa na hakuna ofisi asiyojua mlango wake. Akanisikiliza, akaniambia nisilale usingizi, watakuja kukagua nyumba, na kabla hawajaja kila kitu kinachoweza kusema neno kiondoke.

Unajua sisi tulivyo. Mtu akifiwa tunakuja na sufuria zetu, akijifungua tunakuja na sufuria zetu. Basi Jumamosi walikuja akina mama watano, safari hii na mifuko, wakaifanyia nyumba yangu usafi kama ya marehemu. Ule mwiko mkubwa wa ugali ukaondoka, wasije wakasema ni wa kupigia. Mshipi wa ngozi ukaondoka. Mama Kevo akatoa kitabu kimoja rafuni, akakifungua, akakutana na mtu mwenye pembe, akakifunga upesi. Akasema hivi ndivyo vilivyomharibu mtoto, na hao wazungu wakiviona watauliza ni mama gani aliyeviruhusu. Nami nikakubali. Sitamsingizia yeye, Mama, mifuko miwili niliibeba kwa mikono yangu mwenyewe mpaka kwenye kontena la karatasi pale barabarani, nikavitumbukiza kimoja kimoja kwa sababu tundu lake ni jembamba.

Mghoi alikuwa kwenye mazoezi ya kuogelea. Aliporudi alisimama mbele ya rafu na nywele zake mbichi. Mimi huongea naye Kiswahili naye hunijibu Kiswidi, ndiyo desturi ya watoto wa huku. Aliniuliza viko wapi. Nikamwambia nimeviondoa kwa ajili yake, ili asichukuliwe. Afadhali angelia. Aliingia chumbani akafunga mlango polepole, na tangu hapo ikawa ananijibu ndiyo na hapana tu.

Jumanne tukaitwa kwenye ile ofisi ya ustawi. Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo, anaitwa Lena, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Walitaka kunipa mkalimani, nikakataa, nikasema Kiswidi changu kinatosha. Akaiweka picha mezani.

Mama, nikainama kuitazama. Msichana amepiga magoti. Mdomo wake umeshonwa kwa uzi mwekundu, kila tundu la sindano limechorwa, uzi umeingia na kutoka kama kwenye gunia. Nyuma yake mwanamke mnene ameshika sindano. Hana hasira, ndilo lililonitisha zaidi. Ametulia kabisa, kama mtu anayeshona kifungo.

Lena akamuuliza Mghoi picha hii ameitoa wapi. Mghoi akajibu kwamba imetoka kwenye kitabu cha sitini na moja. Chiyora amezaliwa katika ukoo unaolinda siri ya kisima, na shangazi yake anamshona mdomo asije akaisema. Lena akanigeukia mimi. Akauliza kwa adabu kama anaweza kukiona hicho kitabu.

Na mimi, Mama, mimi binti yako wa kwaya, nikasema hatuna kitabu kama hicho nyumbani.

Sijui nilisemaje. Yaani najua: Mama Kevo alinifundisha, wakiuliza habari za vile vitabu, vikane kabisa. Lakini neno lilipotoka tu nikaona nimefanya nini. Nilikuwa nimemfanya mtoto wangu mwongo mbele ya serikali. Mghoi akanitazama, akainamisha kichwa.

Nikataka kurekebisha. Nikasema hadithi ipo, iko kwenye filamu, ngoja niwaonyeshe. Nikatoa simu, nikahangaika, jasho linanitoka na nje theluji, mpaka nikakipata kipindi chenyewe. Kumbe filamu huonyeshwa saa za watoto, na watengenezaji waliona uzi na sindano ni mambo makali mno. Katika filamu shangazi anamfunga Chiyora kitambaa cheupe mdomoni, tena anamchekea. Lena akatazama simu, akatazama picha. "Hapa hakuna uzi," akasema. Mghoi alishaniambia mara mia kwamba filamu na kitabu si kitu kimoja, na sikumsikiliza hata mara moja.

Kisha Lena akaweka kalamu chini. Akamuuliza mtoto, polepole, kama kuna jambo nyumbani ambalo haruhusiwi kulisema.

Mghoi aliinua macho. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa woga, Mama, wala kwa hasira. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mama yake akipewa peremende na mgeni, anangoja kuona kama nitatikisa kichwa. Lena aliliona hilo. Akachukua kalamu yake akaandika, na akaandika kwa muda mrefu. Halafu akatuambia tuonane tena Alhamisi ya wiki ifuatayo, na kwamba kabla ya siku hiyo wataangalia kama ni heri Mghoi akae kwingine kwa muda wakati wanachunguza. Kwingine. Nilimwomba alirudie hilo neno nikidhani sikulisikia vizuri.

Tulipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye lile kontena. Limeshamwagwa. Nikauliza maktaba ya hapa Rissne, hawana. Nikaenda maktaba kubwa ya mjini yenye chumba kizima cha katuni, nikapita na kidole kwenye migongo ya vitabu: hamsini na tisa, sitini, sitini na mbili. Cha sitini na moja kimeazimwa. Mkutubi kijana akaniuliza kama mimi ni shabiki. Nikamwambia mimi ni mama. Akaniandika kwenye foleni. Nikakaa siku nane naenda kazini, narudi, napika, Mghoi anakula nusu sahani, na kila mlango wa ghorofa ukigongwa nadhani wamekuja. Mama Kevo alikuwa anapiga simu kunipa moyo, nikawa sishiki.

Ujumbe wa maktaba ulikuja Jumatano mchana, siku moja kabla ya kikao. Nilibadilisha zamu, nikakichukua, nikakisoma kwenye treni. Nilianza upande wa kushoto kama mtu mwenye akili zake, nikakuta Chiyora ameshakufa, kisha yu hai, kisha ni mtoto. Mpaka nikaona pameandikwa hapo kwamba nasoma mwisho, kitabu hiki kinaanzia kulia. Nikageuza. Nikaufikia ule ukurasa. Uzi ule ule, magoti yale yale. Nilitaka kupiga kelele ya furaha ndani ya treni, nimeokoka. Lakini ukurasa uliofuata, mchoraji amemsogeza shangazi karibu, uso wake umejaa ukurasa mzima, na kuzunguka midomo yake kuna vitundu vidogo vidogo vya zamani, vilivyopona. Naye alishonwa. Nilipitiliza kituo cha Rissne nikaenda mpaka mwisho wa reli.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mstari wa kwanza.

Baba Mghoi hayuko kwenye migodi ya kaskazini. Hajawahi kufika huko. Aliondoka nyumbani mwaka jana kabla ya Pasaka, yuko Akalla, mji huu huu wa Stockholm, na mwanamke mwingine, na wana mtoto mchanga. Ule mshipi wa ngozi ulikuwa wake, aliusahau. Hakunipiga, hatukutupiana sahani. Alikunja nguo zake akaenda.

Sikuweza kukuambia. Wewe ndiye uliyewabishia wazee wote wa ukoo ukasema huyu kijana ni wa maana. Nikabuni migodi, nikabuni mtandao mbovu, na nikamfundisha mtoto. Nilimkalisha kitandani, nikamwambia Nyanya akiuliza, sema Baba yuko kazini. Kanisani wakiuliza, sema Baba yuko kazini. Mambo ya nyumbani hayatoki nje. Akaniuliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka nitakaposema. Kila Jumapili ulipomuuliza, "Baba hajambo?" naye akakuambia "Hajambo, Nyanya, yuko kazini," mimi nilikuwa nimekaa pembeni ambapo simu hainioni, namkazia macho mpaka amalize. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba hii ilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili.

Nami sikuokota mambo haya barabarani, Mama. Nakumbuka mwaka ule Baba alipokaa Mombasa bila kurudi, ulivyonituma dukani na maneno ya kuwajibu watu. Sikulaumu. Ulikuwa na watoto watano na majirani wenye macho. Nasema tu kwamba ninakumbuka, kwa sababu tumbo lilikuwa linaniuma kila nikitumwa duka lile na sikujua kwa nini.

Alhamisi tukarudi kwa Lena, safari hii yuko na mwenzake mmoja wa ofisini. Nikaweka kitabu mezani, nimetia karatasi kwenye ukurasa wenyewe, nikamwambia kilikuwapo nyumbani na nilikitupa kwa hofu, na kwamba siku ile nilisema uongo. Akaweka picha ya Mghoi kando ya kitabu. Alizitazama moja moja, mshono kwa mshono, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Kwa hiyo amenakili tu," akasema. Akashika kalamu aandike.

Mama, nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Neno moja. Ningechukua mtoto wangu tukarudi nyumbani na mambo yakaisha.

Lakini zilivyowekwa pamoja nikaona nilichokataa kukiona siku ya kwanza. Shangazi wa kitabuni amevaa joho refu la Kijapani. Mwanamke wa Mghoi amevaa gauni fupi jeupe lenye mifuko miwili, saa imebanwa kifuani kichwa chini, na miguuni ana viatu vya plastiki vyenye matundu. Ni sare yangu ya hospitali. Lena hajawahi kuniona nimeivaa. Chumba kizima tulijua watu wawili tu, na mmoja alikuwa anatazama sakafu.

Niliwaza, nikisema, watamchukua. Nikinyamaza, nitarudi naye nyumbani na sindano ingali mkononi.

"Hakunakili," nikasema. "Huyu mwenye sindano ni mimi."

Lena akaacha kuandika. Nikamweleza yote, Baba Mghoi, migodi, Jumapili, simu. Kiswidi changu kiliniponyoka, sentensi zinagongana, pengine niliingiza na Kiswahili ndani, sijui. Nilipomaliza nikamgeukia mtoto nikamwambia, "Sema, Mghoi. Sema lolote. Sitakukasirikia."

Akasema kwa robo saa, Mama, bila kupumzika. Alisema hapigwi, wala halali njaa. Alisema Jumapili tumbo humuuma tangu anapoamka. Alisema aliwahi kumwona baba yake kwenye treni na yule mtoto mchanga, na yeye akajificha nyuma ya watu, kwa sababu Baba yuko kazini. Na alisema anaogopa kwamba wewe utakufa kabla hajakuambia kweli. Hapo mimi nilishindwa, nikalia mbele yao wote, na kamasi.

Walitutoa nje kwenye viti vya korido. Dakika ishirini. Sijawahi kukaa dakika ishirini ndefu namna ile, hata leba. Mghoi alikaa kiti cha tatu kutoka kwangu. Lena alipotuita akasema mtoto anabaki nyumbani. Faili halijafungwa, atakuja kututembelea, na kila Jumatatu tutaongea na mshauri wa familia, mimi na yeye. Akaniuliza jambo la kwanza nitakalofanya ni lipi. Nikasema nitamwandikia mama yangu.

Usidhani sasa tunakumbatiana kutwa. Rafu ingali tupu. Nilimnunulia kitabu cha kwanza cha Chiyora, akakipokea kwa mikono miwili akasema asante kama mgeni. Sijasamehewa, na simharakishi. Ila juzi alikuta nasoma kile cha maktaba, nimefika katikati, akasimama nyuma yangu akaniambia, kwa Kiswahili, kwamba nasoma haraka mno, nisitazame maneno tu. Nikafuata alivyosema.

Mama Kevo nimemweleza. Akasema mficha uchi hazai, akakata simu. Leo asubuhi nimekuta mwiko wangu umeegemezwa mlangoni.

Nisalimie kaka Mwakio na umwambie asimpigie Baba Mghoi kumtukana, namba yake simpi. Msalimie Mkawasi mke wake na wale mapacha. Msalimie shangazi wa Wundanyi, na mchungaji, na yule mama jirani anayekuletea maziwa. Ukitaka kuwaambia, waambie. Sitakuziba. Kama una hasira nami, unazo haki zote, nikasirikie mimi peke yangu. Mtoto alitumwa.

Ninakuomba jambo moja. Jumapili utakayokuwa umeshaisoma barua hii, pigeni nyinyi, Mkawasi akupigie. Mghoi atashika simu. Muulize kama unavyomuuliza siku zote, baba yako hajambo, kisha ungoje. Usimsaidie neno. Mimi nitakuwa nimeshuka chini, nje ya nyumba kabisa, ili akiinua macho kabla ya kukujibu asinione.

Ni mimi uliyenizaa,
Wakesho